Nyumba Yetu Haijawahi Kukosa

Habari za kifo cha Mama Elinami zilinifikia akiwa ameshazikwa, na jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa huzuni. Nilijiuliza ni nani aliyeamua nisiambiwe. Ndivyo nilivyo. Mume wangu husema hata nikiletewa zawadi naigeuza kwanza nitazame chini yake. Huzuni ilikuja baadaye, nikiwa namimina sukari kwenye kopo, ikanikalisha kwenye kigoda jikoni kwangu hapa Same nikalia kwa sauti. Nilikaa nyumbani kwa yule mama mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na mpaka leo naweza kukutajia kila kilichoning'inia kwenye kuta zake. Kesho yake nilifunga khanga mbili na mchele kidogo, nikapanda mlimani, kijijini kwake Bombo, kumpa pole mkwe wake, Neema. Njia nzima nilikuwa natunga maneno makali ya kumuuliza kwa nini hakunipigia simu.

Mwaka ule nilikuwa nimeajiriwa kwenye utafiti wa dawa ya presha. Kazi yangu iliitwa uhamasishaji wa jamii, lakini Daktari, mkuu wetu pale Same, aliieleza kwa ufupi zaidi: kuwapata watu, kisha kuwashika wasiondoke. Dawa ilikuwa mpya. Ili ijulikane kama inafanya kazi, ilibidi mtu yuleyule aliyeanza apimwe mwezi baada ya mwezi mpaka mwaka uishe. "Wenzetu wanaanza na uwanja umejaa, wanamaliza na benchi moja," alituambia, "na utafiti wa benchi moja hauna maana kwa mtu yeyote." Kwa hiyo alitupa mbinu za kuwashika watu. Kulikuwa na nauli ya kuja zahanati, sabuni kila mwezi na ujumbe wa simu wa kukumbusha. Mimi nilipewa Bombo na vijiji jirani kwa sababu Kipare nakijua. Niliishuku ile sabuni tangu siku ya kwanza. Nilijiweka mahali pa mtu wa mlimani, nikaona kwamba mgeni akiniletea sabuni ili nimpe damu yangu, ningefunga mlango.

Na milango ilifungwa, ila kwa adabu ya kule juu, ambayo huwezi kuitambua mpaka uwe umeshashiba. Naingia kwenye nyumba, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu ndani, ukungu utakuua huko nje." Naketi. Inakuja chai ya tangawizi, linakuja bakuli la makande, naulizwa habari za wazazi, habari za mvua huko Same. Natoa maelezo yangu, nayatoa vizuri kweli, nao wanatikisa vichwa. Mwishoni mama mwenye nyumba anasema, "Tumesikia mwanangu. Tutaangalia." Nikatoka nyumba hii nikaingia ile, na kote walikuwa wanaangalia. Wiki zikapita. Nilikula makande ya Bombo nzima bila kumpata hata mtu mmoja.

Chumba alichonipangisha Mama Elinami kilikuwa nusu ghala. Kitanda changu kilikuwa upande wa dirisha, na upande wa pili yalipangwa magunia ya tangawizi, kiasi kwamba nguo zangu mpaka leo nikizikumbuka nazinusa hivyo. Ukuta wa kati yangu na jiko ulikuwa wa mbao na haukufika juu, kwa hiyo moshi, harufu ya maharage na maneno ya watu vyote viliingia kwangu bila hodi. Mama Elinami alikuwa mjane mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Alikaa na Neema, mke wa mwanawe, kwa sababu Elinami mwenyewe alikuwa bondeni, Bendera, analima mpunga. Jioni moja nilimsikia jirani akimuuliza kule jikoni, "Hivi huyu mgeni wako, hizo damu wanazipeleka wapi?" Mama Elinami akajibu, "Mimi nijue? Ananilipa kodi na anaosha vyombo." "Wanasema huko zinauzwa kwa chupa." "Basi yangu itawatia hasara, imeshazeeka." Wakacheka. Mimi sikucheka. Nililala nikijiuliza kama anayenicheka jikoni ndiye anayewaambia wenzake wasije.

Aliyenitoa kwenye aibu ile ni mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbwambo. Sijui kama alinihurumia au alichoka kuniona mlangoni kwake. Alinisikiliza akiwa anapura maharage, hakuacha hata kidogo, halafu akasema, "Binti, unahangaika nyumba kwa nyumba kama muuza samaki. Niachie mimi." Asubuhi iliyofuata, kabla ukungu haujapanda, nikasikia baragumu. Mpare hahitaji kuelezwa ile sauti. Ni sauti ya msaragambo: mfereji umebomoka, au ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, limejaa tope, na kila nyumba inatakiwa itoe mtu. Nyumba isiyotoa mtu inatozwa faini, na baya kuliko faini, inasemwa. Nilipofika zahanati nilikuta uwanja umejaa. Watu walikuwa wamesimama kwa utaratibu, na majembe yao wameyaegemeza ukutani, safu ndefu. Niliyaona yale majembe. Nikajisemea, watakuwa wanapitia hapa wakielekea shambani. Mimi ninayeshuku hata salamu, siku ile sikushuku kitu.

Manesi kutoka Same walipima presha siku nzima. Asiyekuwa na presha aliondoka, na aliyekuwa nayo aliingizwa chumba cha ndani, akasomewa fomu ya ridhaa, akaulizwa kama ameelewa, akaweka sahihi au dole gumba. Mimi ndiye niliyekuwa nafafanua kwa Kipare pale ilipobidi. Kila nilipofika kwenye sentensi isemayo kwamba ushiriki ni wa hiari na mtu anaweza kujitoa wakati wowote, walicheka. Hawakucheka kwa dharau, walicheka kama watu wanaotaniwa na ndugu. Mzee mmoja akaniambia, "Hiyo nayo umeisema vizuri." Nikaona nimewapata. Mama Elinami alipopimwa, nesi alirudia, kisha akamwita mwenzake naye apime, wakatazamana. Presha yake ilikuwa ya mtu ambaye hapaswi kubeba hata ndoo, na yeye alikuwa anabeba magunia. Alipewa vidonge na kadi yake. Kadi zilikuwa na namba tu, bila jina wala picha, ili siri ya mtu isitoke, na mimi nilijivunia sana usiri ule.

Kuanzia hapo Bombo ikawa sifa yetu. Miezi ikaja na kupita, na hakuna kadi iliyokosa. Vijiji vingine watu walianza kupungua. Huyu kahama, huyu kakatazwa na mumewe, huyu amechoka kuchomwa. Bombo walikuja wote, hata mvua ikinyesha. Siku za kliniki mimi nilikuwa nimeshatangulia kijiji cha mbele kuwakumbusha wengine, na manesi walikuja kwa kubadilishana, kwa hiyo sura walizoziona mwezi huu hazikuwa lazima wazione tena. Kilichobaki kuonekana ni namba na vipimo. Vipimo vilikwenda Same kwa Zubeda, rafiki yangu wa Kisiwani, aliyekuwa karani wa takwimu na ndiye aliyenipa kitanda nikishuka mjini. "Watu wako ni saa," aliniambia. "Tena presha inashuka kama ndiva iliyofunguliwa." Daktari akataka niende nikawafundishe wenzangu jinsi ya kuwashika watu. Nilipoulizwa mbinu yangu nilisema ni uvumilivu. Moyoni nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu mambo yangu hayajawahi kwenda vizuri namna ile bila mtu kuwa ananizunguka.

Wasiwasi ukapata chakula chake jikoni kwa Mama Elinami. Nilikuwa nakunja nguo, nikamsikia anamwambia Neema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini kwa mama yule ilikuwa habari peke yake: "Mwezi huu zamu yako. Mimi nashuka Same na tangawizi." Neema akauliza, "Na yeye hatumwambii?" "Ajue nini? Yeye si anaondoka asubuhi?" Yeye ndiye mimi. Kuanzia siku ile nikaanza kufunga sanduku langu kwa kufuli. Nikawa nahesabu sabuni za washiriki nilizozitunza chini ya kitanda, nikaweka unyasi juu ya boksi nione kama litaguswa. Mama Elinami aliliona kufuli. Jioni ile bakuli langu la makande lililetwa na Neema, na hawakuniita jikoni kula nao. Nilikula peke yangu kati ya magunia, nikajiambia, umeona, wamejua kwamba nimejua.

Kumbe hatari ilikuwa inapanda kutoka bondeni. Daktari alikuja Bombo bila taarifa, akaniita kwenye chumba cha mganga wa zahanati, akafunga mlango. Alikuwa mtu mpole, na siku ile upole wake ndio ulionitisha. "Nieleze mwanangu," alisema. "Mshiriki wako mmoja alianza na presha ya kuanguka nayo. Mwezi wa pili ana presha ya msichana. Wa tatu imerudi juu. Uzito unapanda na kushuka kilo nyingi. Na siye peke yake, karibu Bombo yote iko hivyo. Damu hizi ni za nani?"

"Ni za kwao, Daktari."

"Kuna wahamasishaji sehemu nyingine walibuni watu. Walipewa malengo, wakaona tabu kuzunguka, wakachukua jamaa zao wawili watatu wakawapa kadi zote. Sisemi umefanya hivyo. Nakuuliza."

Aliyeulizwa hivyo ameshahukumiwa nusu. Kama angewaandikia wakubwa wake Dar es Salaam kwamba nimebuni watu, nisingepata kazi tena popote penye karatasi, na jina langu lingeshuka mlima kabla yangu. Nikasema sikubuni mtu. Akasema atakuja siku ya kliniki aone kwa macho yake, na mpaka hapo nisitoke Bombo. Mwenye kuziona namba zile alikuwa mmoja tu, Zubeda. Nilimpigia simu, nikamwambia maneno ambayo hata sasa nikiyakumbuka masikio yanachoma. Nilimwita mnafiki. Akasema, "Ukimaliza kunitukana uniambie," akakata simu.

Siku ya kliniki ilipofika nilikaa na Daktari nyuma ya pazia la chumba cha kuchukulia damu. Nilikuwa sijalala vizuri, nimeshawashuku wote kwa zamu: manesi kwamba wanachanganya chupa, Zubeda kwamba anataka nafasi yangu, Mzee Mbwambo, hata dereva wa gari la manesi. Nesi akaita namba ya Mama Elinami, namba niliyoijua kwa moyo. Akaingia Neema. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, mkono wa kushoto ameshaukunja tayari, na kadi ya mama mkwe wake ameishika vizuri mbele yake. Daktari akafungua pazia. Neema alishtuka kidogo kuniona, kisha akatabasamu, akasalimia, "Shikamoo Daktari."

"Marahaba. Kadi hii ni ya nani?"

"Ya kwetu."

"Ya kwenu nani? Aliyepimwa mwanzo ni wewe?"

"Hapana, alipimwa Mama. Leo kashuka Same na tangawizi, nimekuja mimi." Akatutazama mmoja mmoja, akaona hatujaelewa, akaongeza kwa fahari kabisa, "Nyumba yetu haijawahi kukosa."

Daktari alikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Mimi ndipo nilipoyaona tena yale majembe, safu ndefu ukutani, nikasikia tena kile kicheko. Walikuwa wameitwa kwa baragumu, na kwa baragumu nyumba haidaiwi mtu fulani, inadaiwa mtu. Baba akiumwa anakwenda mtoto, mama akiwa sokoni anakwenda mkwe, na anayekwenda anahesabiwa kuwa ni nyumba nzima. Zahanati ilikuwa imewaomba damu kila mwezi, nao wameitoa kila mwezi, kwa zamu, bila kumwonea mtu. Daktari akauliza kwa sauti ndogo, "Na vidonge? Vidonge anameza nani?" Neema akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Si Mama? Mgonjwa si ni yeye? Damu ni ya nyumba, vidonge ni vya mgonjwa." Daktari akashusha pumzi. Kwenye nyumba nyingine alikwenda kuuliza mwenyewe, na si kila jibu lilimfurahisha.

Jina langu likasafika hapohapo. Jioni ile Daktari mwenyewe aliniambia, tena kwa kunionea haya, kwamba alikuwa ameshaianza barua ya kwenda Dar, na Zubeda ndiye aliyemsihi asubiri, aende kwanza akatazame kwa macho. Nilimpigia Zubeda. Akapokea, akasema, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Urafiki wetu umeishi kwenye jibu lile mpaka leo.

Lakini mambo hayakuweza kuachwa hivyo. Daktari aliona watu waambiwe upya, tena wote kwa pamoja, na Mzee Mbwambo akalazimika kupuliza baragumu ili kutangaza kwamba hili halikuwa jambo la baragumu. Hakupenda. "Nimewapa watu, mnawarudisha," alinung'unika. "Ukishawaambia si lazima, usije mlangoni kwangu tena." Walikuja, wakaegemeza majembe. Mimi ndiye niliyesema, kwa Kiswahili kisha kwa Kipare: kwamba si msaragambo, kwamba kila mtu ni yeye na mwili wake, kwamba atakayetaka kutoka atoke. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee yuleyule aliyenisifu mwanzo aliuliza, "Kwa hiyo asiyekuja hatozwi?" Nikasema hatozwi. "Wala hasemwi?" Nikasema hasemwi. Akafikiri, akaenda ukutani, akachukua jembe lake. Wakamfuata, taratibu, bila hasira, wengine wakinipa mkono wa kwaheri. Uwanja ukaisha mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimewashika miezi yote ile kwa kamba ambayo sikujua kama ninayo, na nilipoiachia sikubaki na mtu. Nililia pale mbele ya manesi na sikujali.

Ukutani lilibaki jembe moja. Mama Elinami alikuwa ameketi kwenye benchi, anajikung'uta udongo miguuni. Nilimwambia, "Mama, hata wewe unaweza kwenda. Hutasemwa." Akaniangalia, na lile kufuli bado lilikuwa kati yetu, nililijua. "Nimesikia, mimi si kiziwi," alisema. "Nilikuwa namtuma Neema kwa sababu nilidhani mnataka mtu. Kama mnanitaka mimi, nitakuja mimi. Na wewe uache kufunga sanduku lako kwa kufuli kama uko stendi. Tulikuwa tunaibiana zamu ya kuchomwa sindano, basi." Akaukunja mkono wa gauni mwenyewe. Jioni ile niliondoa kufuli, nikala jikoni. Kwenye miezi iliyobaki wengine walirudi, wachache, mmoja mmoja, wakija kwa njia ya nyuma ili jirani asione, na hao walikuwa wenyewe kwelikweli. Hakuna aliyeniita tena kufundisha wenzangu. Mama Elinami hakukosa hata mara moja, na siku aliyokuwa na homa nilimwambia abaki nyumbani akakataa, akatembea akiwa amejifunga blanketi. Akaishi miaka mingi baada ya hapo. Sasa na mimi nameza vidonge vya presha kila asubuhi, na kila asubuhi namkumbuka akiniuliza kama nimemeza kweli au nimetupa.

Basi nilifika Bombo na maneno yangu makali. Neema ameshakuwa bibi, goti limevimba, nywele nyeupe. Tulilia, tukanyamaza, nikauliza. "Nilikupigia mimi, hukupokea," alisema. "Akapiga Elinami, hukupokea. Akasema labda na wewe umeshakufa." Nikakumbuka kwamba namba ngeni huwa sipokei, nikakosa pa kuelekeza hasira. Nililala kwenye chumba kilekile, ukuta haujafika juu bado. Asubuhi likalia baragumu. Siku hizi mwenyekiti anatuma ujumbe kwenye kundi la simu, lakini kwa ajili ya ndiva bado wanapuliza. Neema akaja mlangoni na jembe la Mama Elinami, mpini umelainika kwa viganja vyake. "Mimi goti hili haliniruhusu, na Elinami karudi Bendera," alisema. "Nenda wewe."

"Mimi si wa hapa, Neema."

"Nimekuuliza wa wapi?"

Nilimtazama vizuri nione kama ananitania, au kama ameshapata mtu wa kumlimia bure. Sikuona kitu usoni mwake ila haraka. Nikafunga khanga kiunoni nikapanda. Ndivani watu walikuwa wameshajipanga, na mwenyekiti, kijana ambaye sikumjua, alikuwa anaita nyumba moja moja. Nilisimama pembeni na jembe langu, nasubiri mtu aseme huyu siye.

"Nyumba ya Mama Elinami!"

Vichwa viligeuka, vikanitazama, vikatulia.

"Tupo," nikasema.